Saa 10 usiku sio uvivu: kwa mnaocheka video za nesi aliyelala

SEHEMU YA 1

Leo naandika ndefu, mwenye bando asome, asiye na muda aihifadhi.

Kila baada ya miezi kadhaa inarudi video ileile, sura tu ndo zinabadilika. Kiongozi anaingia kituo cha afya usiku wa manane, ziara ya kushtukiza, kamera iko nyuma yake. Taa inawashwa. Nesi kainamisha kichwa mezani karibu na kitabu cha ripoti. Anainuka anapepesa macho, anaulizwa kama analipwa kuja kulala, hana jibu. Kesho yake nchi nzima inacheka. Mmoja anaandika "afukuzwe", mwingine "hawa ndo wanaua mama zetu", na wa tatu anaweka vikatuni vya usingizi.

Naomba nieleweke mapema kabla hamjanirukia. Kuna watumishi wanafunga mlango kwa ndani, wanazima simu, wanatandika, na mama anagonga hadi vidole vinauma. Huyo simtetei. Aliyejipanga kulala na kuacha wagonjwa bila mtu ana kosa, na taratibu za kinidhamu zipo kwa ajili yake.

Namtetea yule aliyekaa kwenye kiti, taa inawaka, mlango uko wazi, na kichwa kikaanguka chenyewe saa 9 au saa 10 usiku. Huyo mnamwita mvivu. Mimi nasema neno hilo ni uongo, na uongo wake unaweza kuonyeshwa ndani ya seli, kwa majina ya jeni. Ndiyo, jeni. Tulieni.

SEHEMU YA 2

Tuanze na nzi. Sio nzi wa chooni, namaanisha wale wadogo wanaozunguka parachichi lililooza au ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwaka 1971 huko California, watafiti wawili, Ronald Konopka na Seymour Benzer, walitoa ripoti ya kitu kilichoshangaza wengi. Walikuwa wanaharibu jeni za nzi hao kwa kemikali halafu wanaangalia mzunguko wao wa kila siku. Wakapata aina tatu za ajabu. Nzi wa kwanza siku yake ilikuwa ya saa 19. Wa pili siku yake ilikuwa ya saa 28. Wa tatu hakuwa na siku kabisa, anaamka na kupumzika hovyo hovyo. Na zote tatu, kasoro ilikuwa kwenye jeni moja hiyo hiyo.

Jeni moja ikiguswa, mdudu anapoteza saa. Sasa niambieni, huyo nzi wa saa 28 alikuwa mvivu? Aandikiwe barua ya kujieleza?

Jeni hiyo ikaitwa PER. Mwaka 1984 ilikamatwa na kusomwa kwenye maabara, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kueleza jinsi inavyofanya kazi. Sisi binadamu tunazo za kwetu za aina hiyo hiyo, PER1, PER2 na PER3. Zimo kwenye ini lako, kwenye moyo wako, kwenye ngozi yako. Zimo kwa nesi na zimo kwa mheshimiwa aliyekuja na kamera.

SEHEMU YA 3

Hii ndo sehemu ngumu kidogo, lakini nimeona watu hapa mnachambua mikataba ya wachezaji mpira hadi senti ya mwisho, kwa hiyo hamtashindwa.

Fikiria tenki la maji lenye boya. Maji yanaingia, boya linapanda, likifika juu linafunga bomba. Watu wanachota, maji yanashuka, boya linashuka nalo, bomba linafunguka tena. Hakuna mtu anayekaa pale kufungua na kufunga. Maji yenyewe ndo yanajifungia.

Ndani ya seli bomba linafunguliwa na protini mbili zinazoshikana mkono, CLOCK na BMAL1. Zikikaa juu ya jeni, seli inaanza kutengeneza protini nyingine, PER na CRY. Hizi zinajaa polepole kuanzia mchana kuelekea jioni. Zikishakuwa nyingi zinaungana, zinarudi ndani ya kiini cha seli, na huko zinawabana CLOCK na BMAL1 wasifanye kazi. Yaani zinawafungia waliozizaa. Bomba limefungwa. Usiku kucha PER na CRY zinavunjwavunjwa, zinapungua, na karibu na asubuhi zimeisha kiasi kwamba CLOCK na BMAL1 wanapumua tena. Mzunguko unaanza upya.

Swali la mtu makini: kwa nini hii inachukua saa 24 na sio saa mbili? Kwa sababu kuna kuchelewesha kwa makusudi. Kuna kimeng'enya kinachobandika alama za fosfeti kwenye PER, na alama hizo ndo zinaamua protini ivunjwe lini na iingie kwenye kiini lini. Bila kuchelewa huko hakuna saa. Tenki lingekaa kwenye kimo kimoja tu, boya limetulia.

Na hapa ndo mnisikilize vizuri. Mwaka 2001 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha habari za familia moja ambayo watu wake walikuwa wanashikwa na usingizi kama saa 1 na nusu usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri, kizazi kwa kizazi. Walipofungua jeni zao wakakuta herufi moja imebadilika kwenye PER2, na hiyo ikabadilisha asidi amino moja, namba 662, mahali hasa ambapo ile alama ya fosfeti hubandikwa. Kitu kimoja kidogo namna hiyo, na ukoo mzima unalala wakati wa taarifa ya habari. Mwaka 2017 ikapatikana ya upande wa pili, kwenye CRY1, ambayo inafanya watu wachelewe kulala hadi usiku mkubwa na asubuhi hawaamki.

Kila mmoja wetu yuko mahali fulani kati ya hao wawili. Bibi aliyeko jikoni saa 10 alfajiri anawasha moto hakumzidi adabu mjukuu anayejivuta hadi saa 2. Umri wenyewe unasogeza saa. Vijana inasogea mbele, wazee inarudi nyuma.

SEHEMU YA 4

"Atazoea." Hili neno nalichukia kuliko yote. Kila nesi mpya anaambiwa na waliomtangulia: dada utazoea, mbona sisi tumezoea.

Hapana. Hamjazoea. Mmezoea kuchoka.

Juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokatizana ndani ya ubongo kuna kifungu kidogo cha seli za neva, kama 20,000 hivi. Hapo ndo makao makuu. Kila seli pale ina lile tenki lake, na zote zinaendana pamoja, kisha zinatuma taarifa mwili mzima: sasa pandisha joto, sasa shusha, sasa toa melatonini. Makao makuu haya yanarekebishwa na kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni mwanga. Nyuma ya jicho kuna seli maalumu zenye melanopsini, ambazo kazi yake kubwa sio kuona sura ya mtu, ni kupima kama nje kuna mwanga. Hata baadhi ya vipofu bado wanazo, na miili yao inajua kumekucha.

Sasa chukua nesi wetu. Ametoka zamu saa 2 asubuhi. Anatembea kwenda nyumbani, jua la Lugarawa limeshatoka juu ya milima, linampiga usoni dakika 20 au 30. Makao makuu yanapokea ujumbe: asubuhi imefika, funga usingizi. Anafika, anajilaza, anapata saa nne au tano za kubabaisha. Usiku anarudi kazini. Mtu aliyepanda ndege kutoka Dar hadi California ana unafuu, maana huko alikokwenda jua limebadilika pamoja na ratiba yake, baada ya wiki moja na siku kadhaa anakuwa mwenyeji. Nesi jua lake ni lilelile la jana. Kila asubuhi linafuta hatua ndogo aliyopiga usiku.

Mwaka 2008 Simon Folkard wa Uingereza alikusanya tafiti za watu wanaofanya kazi usiku tu, siku zote, miaka na miaka. Aliangalia melatonini yao. Waliohama kabisa, mwili ukakubali kwamba usiku ni mchana, walikuwa chini ya 3%. Hao ni watu wasiobadilisha zamu. Sasa wewe ambaye leo uko asubuhi, keshokutwa mchana, wiki ijayo usiku, utazoea na nini?

SEHEMU YA 5

Kuna mtu lazima atasema: mbona mababu zetu walikesha? Walikesha msibani, walikesha kwenye ngoma, walilinda ng'ombe.

Nimefurahi umeuliza, kwa sababu jibu liko hapa hapa Tanzania. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa David Samson na wenzake, Mtanzania Audax Mabulla akiwa mmoja wao. Watu wazima 33 walivaa vifaa kama saa ya mkononi kwa siku 20, vinarekodi wanalala lini na wanaamka lini. Katika zaidi ya saa 220 za usiku zilizopimwa, watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Dakika kumi na nane! Muda wote uliobaki kulikuwa na mtu macho, au analala usingizi mwepesi.

Na hakuna aliyewapangia zamu. Vijana wanachelewa kulala, wazee wanaamka mapema, mama anaamka kunyonyesha, mwingine anachochea moto. Tofauti za saa za miili yao ndo zilikuwa ulinzi wao.

Ndugu, hivyo ndo mababu walivyokesha. Walikesha wakiwa thelathini. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja alikabidhiwa boma zima kuanzia jua linazama hadi linachomoza, peke yake, usiku saba mfululizo, halafu akisinzia anaitwa msaliti wa ukoo. Msibani penyewe wanaokesha wanapokezana, na mchana wa pili unawakuta wamejilaza kwenye mikeka na hakuna anayewapiga picha.

Tena lugha yetu yenyewe inajua. Sisi saa moja yetu ya kwanza tunaihesabu jua likishachomoza, na ya usiku tunaihesabu likishazama. Mzungu anaanza siku yake katikati ya usiku wakati hata kuku hawajui. Ukisema "saa kumi usiku" kwa Kiswahili umeshasema kwamba giza lina saa kumi tangu liingie. Hiyo ni taarifa ya kitabibu.

SEHEMU YA 6

Fupi, kwa ajili ya wenzangu wa maabara.

Mnakumbuka kwa nini kipimo cha damu cha matende na mabusha, kile cha kuangalia vijidudu kwenye kioo, kinachukuliwa usiku? Saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Kwa sababu vidudu vichanga vya minyoo hiyo mchana vinajificha kwenye mishipa ya mapafu, na usiku vinatoka kwenye damu ya nje, muda ule ule ambao mbu anauma. Tulifundishwa hivyo darasani, tukaandika, tukafaulu. Na mbu wa malaria naye ana jeni zake za saa, ndo maana tunahangaika na vyandarua vya kulalia. Vimelea vya malale navyo vina mzunguko wao wa siku, na vikiingia kwa mtu vinamvurugia saa yake hadi anasinzia mchana na kukesha usiku.

Kwa hiyo mnyoo tunauheshimu kwamba una saa yake. Mbu tunampangia bajeti kwa sababu ana saa yake. Nesi ndo hana?

SEHEMU YA 7

Sasa hatari yenyewe. Kama ingekuwa ni nesi kuumwa kichwa tu, ningenyamaza.

Kuna vitu viwili vinavyomvuta mtu usingizini. Kimoja ni ile saa. Cha pili ni deni: kadiri unavyokaa macho, adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na inakuelemea. Chai ya Luponde na kahawa ya kopo vinafunika tu mahali adenosini inapokaa, deni liko palepale, kafeini ikiisha linadai lote. Mchana saa ya mwili inakusaidia kubeba deni. Usiku inaacha kukusaidia. Saa 9 hadi saa 11 alfajiri vitu viwili vinakutana: deni limefika juu, saa imefika chini, joto la mwili liko chini kabisa. Mnaoishi nyanda za juu mnajua baridi ile ya saa 10 mwezi wa Juni. Baridi nyingine inatoka ndani.

Mwaka 1997 Dawson na Reid wa Australia walipima. Mtu aliyekaa macho saa 17 mkono na jicho lake vinafanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha 0.05% kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama 0.10%. Nchi nyingi mtu wa 0.10% akikutwa kwenye usukani analala mahabusu.

Hesabu mwenyewe. Dada ameamka saa 12 asubuhi kwa sababu watoto wanakwenda shule. Akapika, akafua, akapita shambani kupalilia. Hakulala mchana, angelalaje? Saa 2 usiku kaingia zamu. Saa 5 usiku ameshafika kiwango cha 0.05. Saa 10 ana saa 22 macho. Mkononi ana bomba la sindano, anakokotoa dozi ya mtoto wa kilo sita na nusu.

Na wakina mama wanajifungua saa ngapi? Uingereza walipitia zaidi ya vizazi milioni 5 vya mwaka 2005 hadi 2014. Uzazi unaoanza wenyewe na kuisha wenyewe, bila uchungu kuanzishwa na bila kisu, kilele chake ni kama saa 10 alfajiri. Nendeni mkaulize mkunga yeyote wa kijijini, atacheka, atasema hilo mlihitaji Waingereza? Pumu nayo inabana zaidi alfajiri. Yaani mwili wa mgonjwa na mwili wa nesi vimepangana vibaya: wakati mmoja anahitaji kila kitu, mwingine hana kitu.

Boston, Marekani, mwaka 2004, walilinganisha madaktari wa mafunzo kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Wale waliopangiwa zamu ndefu za zaidi ya saa 24 walifanya makosa makubwa 36% zaidi ya walipopangiwa zamu fupi. Walikuwa watu walewale na akili zilezile, kilichobadilika ni ratiba.

Kwa hiyo mkisema "nesi aliyelala anaua", mimi najibu: mwenye kumpanga usiku wa sita peke yake, mnamwita nani?

SEHEMU YA 8

Hapa naongea na wanawake wenzangu, wanaume sogeeni pembeni kidogo, au bakini msikie.

Usiku ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine iko nyumbani saa 4 asubuhi. Mwanamke kulala mchana kwetu ni aibu. Jirani anagonga hodi, "jamani bado umelala mpaka saa hizi?" Mama mkwe amekuja, utamwachaje sebuleni? Mashine ya kusaga inanguruma. Mtoto analia. Mwanaume anayelinda benki usiku akirudi nyumba nzima inanyamazishwa, "baba amelala". Nesi mwenye watoto watatu akirudi anakutana na sufuria.

Na ini lako nalo lina saa. Ugali unaokula saa 8 usiku ili upate nguvu unakuta mwili haupo tayari kupokea sukari hiyo, inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ungekula mchana. Halafu tunashangaa nesi wa miaka 45 ana kisukari na presha. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile la Lyon, Ufaransa, mwaka 2007 liliweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi 2A, yaani inaelekea kusababisha saratani. Mwaka 2019 wakarudia kuangalia, wakaiacha palepale. Sisemi haya ili mkimbie kazi. Nasema ili mjue tunachotoa usiku kina bei, na hailipwi kwa kuitwa mvivu kwenye mtandao.

"Kazi yenu ni wito." Sawa. Wito unamfanya mtu aingie wodini na homa yake mwenyewe, nimeona wengi. Lakini CLOCK na BMAL1 hawajui kusoma kiapo.

SEHEMU YA 9

Sheria. Wengi hatujui, na asiyejua anaonewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Tanzania Bara. Usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kwa kila saa ya usiku unatakiwa kuongezewa angalau 5% ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mama mjamzito haruhusiwi kupangwa usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Aliyejifungua, miezi miwili baada ya kuzaa hapangwi usiku. Zamu isizidi saa 12. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo.

Na hii sasa: ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Narudia, dakika sitini. Ipo kwenye sheria, haikuombwa na wavivu. Lakini soma mbele kidogo: mwajiri anaweza kukutaka ufanye kazi muda huo wa mapumziko kama kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Mmeona mtego? Wodi haiwezi kuachwa. Mwingine hayupo. Kwa hiyo dakika 60 zako zinakufa kila usiku kihalali kabisa, kwa sababu tu mmepangwa mmoja. Uchache wa watumishi unageuka kuwa kibali cha kuwanyima mapumziko watumishi wachache waliopo.

SEHEMU YA 10

Nenda Makambako pale njia panda. Tangu Serikali mwaka 2023 iruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la karibu miaka 30, basi lililotoka Dar jioni linafika pale alfajiri. Abiria wanashuka, wanajinyoosha, wananunua mahindi. Abiria yeyote akisikia kwamba dereva ni yuleyule mmoja tangu Dar, na jana usiku pia aliendesha, na juzi, atashusha mzigo wake. Hakuna atakayesema "dereva avumilie, ni wito". Tunataka dereva wa pili, tunapiga kelele tukikosa, na tuna haki.

Mbona wodi haina dereva wa pili?

Marubani nao. Watafiti wa NASA waliwapa marubani wa safari ndefu dakika 40 za kupumzika kwenye kiti, mmoja mmoja, mwenzake anaendesha. Walilala wastani wa dakika 26, na kuelekea kutua walikuwa macho kuliko wale ambao hawakupewa. Rubani akilala dakika 26 kwa mpango inaitwa usalama wa anga. Nesi akilala dakika 26 inaitwa video.

Ninachotaka hakihitaji wafadhili wote wa dunia. Usiku watu wawili, hata kama wa pili ni mhudumu aliyefundishwa kuita na kuangalia dripu. Kila mmoja apewe nusu saa ya kujilaza kabla ya saa 9, kwa zamu, imeandikwa kwenye kitabu, isizidi hapo maana ukizama kwenye usingizi mzito unaamka mzito zaidi. Dozi za watoto na dawa za hatari kati ya saa 8 na saa 12 alfajiri zisomwe na watu wawili kwa sauti. Usiku mfululizo usizidi mitatu. Zamu zizunguke kwenda mbele, asubuhi, mchana, usiku, sio kurudi nyuma, kwa sababu mwili unachelewa kirahisi kuliko unavyowahi. Kwenye kupanga, ulizeni nani anachelewa kulala kwa asili na nani anaamka na majogoo, Wahadzabe wameshatuonyesha faida yake. Mjamzito aondolewe usiku bila kuombwa na bila kununiwa. Na nesi akitoka asubuhi avae miwani ya jua, atundike kitenge kizito dirishani, abandike karatasi mlangoni: NIMETOKA ZAMU, RUDI SAA 9. Anayenuna anune.

Na wewe mheshimiwa unayekuja na kamera saa 10 usiku, karibu, njoo, ni haki yako kukagua. Ila kabla ya kumulika uso wa mtu, mulika ukutani. Rota imebandikwa hapo. Hesabu majina ya usiku huu, kisha hesabu ni usiku wa ngapi mfululizo kwa jina hilo hilo. Muulize katibu wa afya nafasi ngapi za wauguzi ziko wazi na tangu lini. Hiyo irushe, mimi nitaisambaza mwenyewe.

Sehemu ya 11 nitaileta wiki ijayo nikitoka usiku. Ni kuhusu watoto wa bweni wanaoamshwa saa 10 alfajiri kwenda kujisomea, wakati umri wao ndo ule ambao saa ya mwili imesogea mbele kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Wenzetu Kenya kanuni zao za mwaka 2015 zimeandika masomo yaanze saa 2 asubuhi. Walimu, jiandaeni, na mje na hoja.